Walimwombea Kila Jumapili

Ndugu zangu wa Zinga na Kerege, nanyi mliohamia Mapinga juzi juzi na viwanja vyenu, kaeni tuzungumze. Habari hii haina raha, na mimi mwenyewe nimechoka kuisikia, lakini afadhali niiseme.

Asubuhi ile ya Jumapili nyumba ya Mzee Ferdinandi ilikuwa tulivu. Mkewe, Marselina, alikuwa ameshafagia uwanja, amemwogesha mumewe, amemnyoa ndevu na kumvisha kanzu nyeupe. Kando ya kitanda aliweka meza ndogo, akaitandika kitambaa alichokipiga pasi, na mshumaa juu yake. Kanisa halikuwa mbali, na kipaza sauti kilileta nyimbo mpaka dirishani. Mzee aliimba nao kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umechukuliwa na kiharusi.

Ilikuwa Jumapili ya padri. Kanisa letu la Anglikana pale Zinga ni dogo, na padri ana makanisa mengine ya kuhudumia, hivyo hufika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine huongoza katekista, na komunyo hakuna. Ferdinandi ndiye aliyekuwa katekista pale miaka mingi, tangu alipohamia na mkewe kutoka Masasi. Sasa alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani: apokee komunyo kabla hajafa.

"Kunywa uji kidogo, Baba Anold," Marselina alimbembeleza. "Dawa ya sukari umeshakunywa, na tumbo ni tupu."

"Sili mpaka nimpokee Bwana," mzee alijibu kwa taabu. "Nimewafundisha watu hivyo maisha yangu yote. Leo nianze kuvunja mimi?"

Basi. Aliyemjua mzee yule anajua kwamba mjadala ulikuwa umeishia hapo.

Kule kanisani wakafika kwenye maombi. "Tumwombee mzee wetu Ferdinandi, aliye mgonjwa," ilisema sauti, na watu wote wakaitikia, "Bwana, utusikie!" Marselina alikaa kwenye kigoda akapangusa jasho. Zamani jina lile likitajwa alipata moyo. Siku hizi lilimchosha. Wiki za mwanzo watu walikuja na machungwa na sukari, wakakaa, wakalia. Kisha mmoja mmoja wakapotea. Kila mmoja aliridhika kwamba mzee anaombewa, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayekwenda kumtazama. Msinielewe vibaya, maombi ni kitu chema. Lakini Bwana akisikia, atamtuma nani kumgeuza mgonjwa kitandani?

Aliyekuja kumgeuza ni Mikdad, jirani, akitoka msikitini alfajiri. Mkewe, Mwanvita, alikuja kufua mashuka na kumpumzisha Marselina mgongo. Mtoto wao Anold yuko migodini huko Geita, anapiga simu, lakini simu hainyanyui mtu.

Mtauliza, padri mwenyewe je? Haya ndiyo mambo yetu. Kwetu padri haitwi ovyo, ujumbe hupitia kwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa ni Bwanausi. Huyo ana maneno matamu! Kila mwezi Marselina alipompelekea ujumbe, jibu lilikuwa lile lile: "Shemeji, safari hii hakosi. Mnada ukiisha tu, namleta."

Mnada wenyewe mnaujua. Misa ikiisha, mihogo, mayai na kuku walioletwa sadaka hupigwa mnada pale nje, watu wakapandishiana bei na kucheka. Kisha padri hupelekwa kula pilau kwa mama aliyeshinda wenzake kumkaribisha, halafu gari linamsubiri aende Mapinga. Mgonjwa anabaki kuwa wa mwezi ujao. Na kila mwezi Marselina alikunja kitambaa chake cheupe, akazima mshumaa, akamlisha mumewe chakula kilichopoa.

Jua likapanda. Kipaza sauti kikaanza: "Jogoo huyu! Jogoo wa maana! Nani anaongeza?" Marselina alipomgusa mumewe alimkuta amelowa jasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki.

Mwanvita aliingia na ndoo, akaiacha pale pale mlangoni. "Jamani, huyu mtu sukari imemshuka! Mpe maji ya sukari!"

Marselina alikoroga, akapeleka kijiko mdomoni. Mzee alifumba midomo, akageuza uso kwenye meza ndogo.

"Niende nikamwite padri wenu?" Mwanvita aliuliza. Alishauliza hivyo mwezi uliopita, na Marselina alikataa. Aliona haya, watu wasije wakasema amewatuma Waislamu kulidai kanisa. Leo haya ilimtoka yote.

"Nenda, mwenzangu! Kimbia!"

Kule mnadani Mwanvita alipasua katikati ya watu na ushungi wake. Bwanausi alimwinulia mkono. "Mama, subiri kidogo, tunamalizia."

"Mnamalizia nini? Mzee wenu Ferdinandi anakata roho, nyie mnauza kuku!"

Padri, aliyekuwa akipeana mikono na watu, aligeuka. "Mzee gani?"

Ndiyo, ndugu zangu. Aliuliza mzee gani. Alikuwa mgeni kwenye parokia, na jina alilisikia kwenye maombi kama majina mengine, wala hakuna aliyemwonyesha nyumba.

Alikuja mbio na mavazi yake ya misa. Marselina aliwasha mshumaa. Lakini Ferdinandi hakuwa na fahamu tena, wala hakuweza kumeza hata chembe ya komunyo. Padri alimpaka mafuta kwenye paji la uso, akasali. Kisha akauona uji, haujaguswa.

"Hajala?"

"Anafunga, baba. Alikuwa anakungoja wewe."

"Mama yangu, mgonjwa hafungi. Kanisa halimdai mgonjwa afunge. Ningekuja siku moja tu ningemwambia."

Mikdad alileta bajaji, wakampakia kumpeleka hospitali. Mzee alifariki njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe.

Mazishini, eh, msiseme! Maturubai, viti, kwaya na sare zao, masufuria ya wali. Marselina aliwatazama akashangaa walikuwa wapi watu wote hawa. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Bwanausi alisimama, akakohoa. "Shemeji, sisi hatutakuacha. Kila wiki tutakuja kukuona."

Marselina aliinua uso. "Asante. Mimi bado natembea. Nendeni kwa Bibi Teddy wa Kerege. Naye mnamtaja kila Jumapili."

Bwanausi akamgeukia katekista. Katekista akawageukia akina mama. Akina mama wakatazamana. Katika umati ule wote hakuna aliyejua Bibi Teddy anakaa nyumba ipi.

FUNZO

Kumwombea mgonjwa si kumtembelea. Mnapotaja jina kanisani, jueni mlango wa mwenye jina, na atoke mtu siku hiyo hiyo aende, kabla ya mnada na kabla ya pilau. Wazee wa kanisa, msimfungie padri njia. Nanyi mnaouguza, msione haya kupiga kelele, hata kwa mdomo wa jirani wa dini nyingine. Msidhani mwenzenu ameshakwenda. Hakuna aliyekwenda.