Mwizi Aliyefagia Ghala

Nusu ya ghala ilikuwa tupu, tena imefagiwa.

Inspekta Waruguru alisimama mlangoni akaitazama sakafu ya saruji. Mistari ya ufagio ilionekana wazi kutoka pembe moja hadi nyingine. Katika kazi yake ya upelelezi alikuwa ameona maghala yaliyovunjwa, yaliyochomwa, hata moja lililobomolewa ukuta mzima. Mwizi anayefagia, huyo hakuwahi kumwona.

"Kimeibwa nini?"

"Ndengu, afande. Magunia yote," alijibu Konstebo Nyamai, mzaliwa wa huko huko Kyuso. "Ni mbegu za kikundi cha akina mama. Zilikuwa zigawanywe leo kwenye baraza, kila nyumba ipate ya kupanda. Mvua iko karibu."

"Na yale magunia mengine?"

"Mahindi. Hayakuguswa. Hata pampu mpya ya maji, hiyo hapo."

"Kufuli?"

"Nzima. Ilifunguliwa kwa ufunguo, ikafungwa tena."

Waruguru alitoka nje. Uwanja wa kijiji cha Kyandolo ulikuwa umejaa. Chini ya turubai walikaa akina mama wa kikundi cha mwethya, wale wanaochimba matuta ya mashamba bila malipo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Vijana wa kujitolea waliokuwa wamechimba bwawa la mifugo walisimama pembeni. Kwenye meza ya mbele alikaa diwani wa wadi, Mheshimiwa Kiilu, kipaza sauti mkononi.

Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Watu walikuwa wamemzunguka kijana mmoja.

"Toa mbegu zetu!"

"Mwizi ni wa kuchomwa!"

Waruguru alijipenyeza katikati yao, akamshika kijana mkono, akamwongoza hadi kwenye gari la polisi. Nyamai akasimama mlangoni. Jiwe lilitua karibu na gurudumu.

"Mwenye mkono huo asirudie," Waruguru alisema bila kupaza sauti. Halikurushwa la pili.

Kijana aliitwa Mutie, mwenyekiti wa vijana wa kujitolea.

"Ulikuwa hapa alfajiri?"

"Nilikuwa. Nilikuja kufunga turubai. Nani mwingine angefunga?"

"Uliingia ghalani?"

"Na ufunguo gani, afande? Ufunguo uko shingoni mwa mwaitu Kaluki, mama yetu mwenyekiti, hata akienda kanisani."

"Nasikia kwenye baraza lililopita ulitaka vijana wapewe huo ufunguo."

"Nilisema. Sasa kusema ni wizi?"

"Uliona nani?"

"Akina mama wakienda kuchota maji. Mzee Nzioka na mkokoteni wake wa punda, amebeba samadi. Basi."

"Samadi akiipeleka wapi?"

Mutie alifikiri. "Kule juu, kwenye mawe."

Diwani alikuwa amewafuata. Alimvuta Waruguru kando. "Inspekta, mpeleke kituoni huyu, watu watulie, tuendelee na mkutano. Ushahidi utautafuta baadaye."

"Mheshimiwa, nikimtoa hapa na pingu leo, hata nikimwachilia kesho atabaki mwizi mpaka azeeke. Nipe muda kidogo."

Kaluki, mwenyekiti wa mwethya, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, wima kama mtu anayepigwa picha. Alikuwa mwanamke mzee mrefu mwenye sauti nzito. Ndiye aliyeanzisha kikundi. Wengi wa waliokuwa uwanjani, matuta ya mashamba yao yalichimbwa yeye akiwa mbele, akiimba na jembe mkononi. Aliposikia hatua alinyoosha mkono kusalimia, ukaelekea upande ambao hapakuwa na mtu.

"Nyamai, mwanangu, mmempata?"

"Ni mimi, mama. Inspekta Waruguru."

"Aa, afande! Hili jua linaniumiza macho."

Lakini walikuwa kivulini. Waruguru aliupata ule mkono, akaushika.

"Ghala ulilifunga lini, mama?"

"Jana jioni. Nilichanganya ndengu na jivu, zisiingiwe na wadudu. Nikawapimia wapishi zao za kuloweka. Nikafunga."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Kazi hiyo siachii mtu."

"Na ufunguo?"

"Nikilala nautundika kwenye msumari karibu na kitanda."

"Nani mwingine hulala chumbani humo?"

"Mume wangu, afande. Ulitaka nimlaze wapi?"

Akina mama waliokaa karibu walicheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Kaluki mwenyewe alitabasamu. Kisha akainamisha kichwa. "Umri huu wote sijawahi kupoteza hata kikombe cha watu hawa. Heri angeniibia mimi."

Jikoni, nyuma ya ghala, moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yanayopikwa kwa ndengu au maharagwe. Mpishi mkuu, mwanamke mchangamfu aitwaye Yvonne, alikuwa akigeuza mahindi kwa mwiko mrefu.

"Ndengu mlizoloweka jana ziko wapi?" Waruguru aliuliza.

"Hayo ndiyo maajabu, afande. Tulikuja alfajiri tukakuta hazipo. Sufuria imesuguliwa kwa mchanga na sabuni, imegeuzwa chini juu kwenye kichanja, inang'aa. Mimi mwenyewe siioshi vizuri hivyo!"

"Mlifanya nini?"

"Tulidhani mmoja wetu aliona zimeharibika akazimwaga. Tukatia maharagwe. Kuna mama alikuwa ameleta kutoka kwa dada yake Mbooni."

Waruguru alikaa juu ya jiwe la jikoni. Mwizi anaacha pampu ambayo angeiuza, anabeba ndengu. Anafagia zilizomwagika, asiache hata punje. Halafu anaingia jikoni, anachukua zilizolowa maji, ambazo hakuna duniani wa kuzinunua, na kuosha chombo.

"Nyamai," aliita. "Hapa kuna kuku?"

"Kwa mwaitu Kaluki wako wengi. Nyumba yake si ile ya karibu na ghala? Huwa wanashinda hapa mlangoni."

"Leo umemwona hata mmoja?"

Konstebo aligeuka kulia na kushoto. Uwanja mzima, na chakula kinapikwa, hapakuwa na kuku.

Walitafuta vichakani. Nyamai ndiye aliyempata jogoo mwekundu, amelala ubavu chini ya miiba, miguu imekakamaa. Waruguru alivaa glavu, akapasua gole la jogoo, kile kifuko cha chakula shingoni, kwa kisu. Lilikuwa limejaa ndengu, na juu ya ndengu kulikuwa na unga wa kijivu ulioshikana kama tope. Alichota sampuli, akaifunga kwenye mfuko wa vielelezo.

Alirudi ghalani. Kwenye rafu ya nyuma kulikuwa na mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, ya ukubwa mmoja. Alifungua wa kwanza. Jivu, umejaa hadi mdomoni. Wa pili ulikuwa mtupu, una vumbi tu la kijivu pembeni. Aliuzungusha. Upande wa pili mtu alikuwa amechora msalaba mkubwa wa rangi nyekundu.

"Hii ni nini?"

Nyamai alivuta pumzi. "Dawa ya mchwa, afande. Ni sumu kali. Kila mtu hapa anaijua hiyo alama, hata watoto."

"Kila mtu anayeiona," alisema Waruguru.

Walitazamana. Nje, watu walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisa ili kutuliza hasira.

"Huyu mtu hakuiba chakula," Waruguru alisema. "Aliondoa sumu. Baraza lote hili, diwani, akina mama, watoto waliobebwa mgongoni, wote wangekula ile ndengu. Sasa niambie, kule juu kwenye mawe kunalimwa?"

"Hapana. Hata mbuzi hapapendi."

"Basi samadi ilikwenda kufanya nini?"

Hawakuhitaji kumtafuta Mzee Nzioka, mume wa Kaluki. Walimkuta karibu na gari la polisi, kofia mkononi, mtu mfupi mwenye mabega mapana na viatu vyenye vumbi jeupe la mlimani. Alikuwa akimtazama Mutie kupitia kioo.

"Nilikuwa nakuja kwako, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Mtoe huyo kijana. Hana kosa."

"Magunia yako wapi, mzee?"

"Juu, kwenye mawe. Kuna shimo la zamani walipokuwa wakichimba kokoto. Nimeyatia humo nikafunika kwa mawe, mifugo isifike."

"Na zile za sufuria?"

"Chooni."

"Na kuku?"

"Humo humo shimoni, pamoja na magunia. Wale niliowaona."

"Anza mwanzo."

Mzee aliisokota kofia yake. "Sikumsikia jogoo akiwika. Nilitoka nje nikakuta kuku wamelala mlangoni pa ghala, wengine wanapigapiga mabawa. Nikaona ndengu zilizomwagika, nikaona na unga wake. Nikarudi kuchukua ufunguo. Kaluki alikuwa bado amelala. Kisha nikaona mkebe wenye msalaba umekwisha, afande. Nilikimbilia sufuria kwanza. Halafu magunia, nikayapakia mkokotenini. Juu yake nikatandaza samadi, nikafagia, nikafunga, nikaurudisha ufunguo."

"Kwa nini hukupiga kelele? Ungeitwa shujaa."

"Na yeye angeitwa nani?"

Waruguru alimwashiria aendelee.

"Macho yake yameingiwa na ukungu," Nzioka aliendelea, sauti ikishuka. "Hakuniambia. Ananificha, nami nikajifanya sijui. Njia za hapa anazijua kwa miguu, watu anawajua kwa sauti. Lakini akina mama wangejua amewatilia sumu kwenye mbegu, wangemwonea huruma, afande. Wangempa pole, wampe na kiti cha nyuma. Kaluki hajawahi kukaa kiti cha nyuma. Nikasema, acha iwe zimeibwa. Mwizi asiyejulikana hamwumizi mtu. Mbegu ningewatafutia, hata kama ni kuuza ng'ombe."

"Hamwumizi mtu?" Waruguru alikaza sauti. "Umesikia walivyokuwa wakisema watamfanya nini Mutie? Umeliona lile jiwe?"

"Nimeliona."

"Mzee, ulimkinga mkeo ukamweka mtoto wa mtu mbele ya mawe."

Nzioka alifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika. "Sikufikiria watashika mtu," alisema ndani ya kofia. "Kweli ya Mungu, sikufikiria. Nifunge mimi."

"Nani afungwe?"

Ilikuwa sauti ya Kaluki. Alikuwa amefika hadi pale bila kuongozwa, amefuata sauti ya mume wake. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, lakini uso wake ulionyesha kwamba amesikia ya kutosha.

"Nzioka. Ulijua tangu lini?"

Mzee alijipangusa. "Tangu uanze kunitilia chumvi kwenye chai."

"Na ukainywa?"

"Nikainywa."

"Msimu mzima?"

"Ningesema nini?"

Mkono wa Kaluki ulipapasa ufunguo shingoni, ukautoa. Alimgeukia inspekta, safari hii upande ulio sawa. "Afande, mkutano huu niliuitisha mimi. Naomba niufanye."

Alitembea hadi meza ya mbele, akauweka ufunguo juu yake. Diwani, kwa kuchanganyikiwa, alimpa kipaza sauti. Wimbo ukakatika.

"Watu wangu," alisema Kaluki, "mwacheni Mutie. Mbegu hazikuibwa. Nilizitilia dawa ya mchwa nikidhani ni jivu. Sioni. Nimekuwa sioni tangu mavuno yaliyopita, nikawaficha kwa sababu ya kiburi. Nzioka amezibeba akazizika ili msife, na ili nisiaibike. Kama kuna wa kurushiwa mawe, nipo hapa, na siwezi hata kuyakwepa."

Mama mmoja wa safu ya pili alianza kulia, mwingine akasema, "Mungu wangu, tungekula!" Yule aliyekuwa ametaka mwizi achomwe aliinuka kimya kimya akasogea nyuma ya watu.

Mutie alikuwa ameshatolewa garini. Alipita katikati yao, na kila mmoja akampisha. Alichukua kipaza sauti mkononi mwa mama mzee.

"Mimi leo nimeogopa sana," alisema. "Nimeogopa watu ninaowajua kwa majina. Hilo tutaliongea siku nyingine, wala sitalisahau." Aliwageukia vijana wenzake. "Lakini mvua haitangoja tumalize kugombana. Vijana wenye pikipiki, tunazunguka vijiji vyote. Kila nyumba iliyo na bakuli la ndengu itupe nusu yake. Mheshimiwa, wewe utajaza petroli."

"Nitajaza," diwani alisema haraka. "Na daktari wa macho nitampigia sasa hivi."

Waruguru alimwagiza Nyamai aite afisa wa kilimo, shimo lifunguliwe na magunia yaharibiwe inavyotakiwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, kama utaratibu unavyotaka:

"Mlalamishi katika kesi hii ni kikundi cha mwethya. Je, kikundi kinamshtaki Nzioka?"

Akina mama walitazamana. Wote wakamgeukia mwenyekiti wao, asiyeweza kuwaona wakimtazama.

"Kinamshtaki," Kaluki alisema. "Alinifanya mjinga kwenye nyumba yangu mwenyewe, akinywa chai mbaya na kusema asante. Adhabu yake anipeleke hospitali, na anirudishe."

Kicheko kilipasuka kutoka turubai hadi jikoni. Nzioka alisimama asijue kofia aiweke wapi. Kisha akasogea hadi alipokuwa mkewe, akasita, maana watu wa rika lao hawashikani mikono mbele za watu.

Kaluki ndiye aliyeutafuta mkono wake, akaupata, akaushika, baraza zima likitazama.

"Twende," alisema. "Na usitembee mbio."