Dawa ya Shazia Ilikuwa Chake

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Shazia alimsaidia baba yake, Zulfiqar, kufungua duka lao la vitambaa mjini Chake Chake. Alifagia, akatundika kanga mlangoni, kisha akakimbilia mstarini na wenzake. Lakini tangu bibi yake alipoanguka ghafla na kufariki, mambo yalibadilika. Kengele ya skuli ikilia tu, moyo ulimwenda mbio, mikono ikamtetemeka na pumzi zikamkatika. "Nakufa kama bibi," alijiambia, akarudi nyumbani analia.

Zulfiqar alikuwa baba mwenye huruma, ila mbishi kupita kiasi. Alimpeleka binti yake Dar es Salaam kupima moyo. Daktari akasema moyo ni mzima, mtoto ana hofu, anahitaji mtaalamu wa kuzungumza naye. Zulfiqar hakuridhika. Akakusudia kuuza duka ampeleke India, kwa madaktari wakubwa zaidi.

Shazia alimsimulia rafiki yake Anjela.

"Duka lote?" Anjela alishtuka. "Mama yangu anawatibu watoto wenye hofu kama yako, pale hospitali ya serikali. Hamtozwi kitu."

Mama yake Anjela, Bi Skolastika, alikuwa muuguzi wa afya ya akili.

Jioni ile Shazia alimngoja baba yake amalize kumkatia kitambaa Bi Moza, mteja wao kutoka Wawi, na kumwongezea shibiri moja juu ya kipimo. Bi Moza alipoondoka, akamweleza baba habari za Bi Skolastika.

"Cha bure hakina dawa, mwanangu," Zulfiqar alijibu. "Tena watu watasema binti wa Zulfiqar kaingia wazimu."

Shazia alijua akinyamaza, duka limekwenda.

"Baba, ile shibiri uliyomwongeza Bi Moza, umeikata kwenye jora bovu?"

"Astaghfirullah! Jora ni lile lile!"

"Mbona umempa bure?"

Zulfiqar aliutua mkasi mezani. Mtoto wa darasa la sita kamshinda mfanyabiashara kwa biashara yake mwenyewe, tena kwa adabu! Ndiyo maana tunamsifu Shazia.

"Haya," alisema mwishowe. "Jumatatu tutakwenda."

Hospitalini Zulfiqar aliishusha kofia hadi kwenye nyusi asijulikane. Kazi bure! Nani Chake asiyemjua muuza vitambaa?

"Zulfiqar! Na weye umekuja?" Ni Bi Moza, na mjukuu wake Haitham ubavuni. "Kaa hapa. Huyu alikuwa halali usiku kwa kuogopa. Sasa alhamdulillahi, analala."

Zulfiqar akakaa, akaipandisha kofia.

Bi Skolastika alimwomba Shazia amsimulie habari za bibi yake. Hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Nyumbani jina la bibi halikutajwa, wote wakidhani litamuumiza. Shazia alilia, akasimulia, mpaka akajikuta anacheka kwa vituko vya bibi. Kisha muuguzi akamfundisha kuvuta pumzi taratibu.

"Hofu haiondoki siku moja," alisema. "Ikija, usikimbie. Vuta pumzi, ngoja ipite. Na kila wiki uje tuzungumze."

Wiki zilipita. Asubuhi moja kengele ililia, na moyo ukaanza mbio zake. Shazia alivuta pumzi taratibu, tena na tena. Hakutoka mstarini. Aliingia darasani na wenzake, jasho likimtiririka, akiwa na furaha isiyo kifani. Huo ni ushujaa, ingawa haupigiwi ngoma.

Hata Zulfiqar alibadilika. Siku moja mteja wake, Bwana Jecha, alimnong'oneza kwamba mwanawe anaogopa watu, na anatafuta nauli ya kumpeleka Dar es Salaam. Zulfiqar akajibu kwa sauti, duka zima likasikia:

"Anza hapa hapa Chake, kwa Bi Skolastika. Binti yangu katibiwa pale bila malipo. Hofu ni maradhi kama homa, haina aibu, na ikitibiwa mapema hupoa. Aibu ni yangu miye, niliyetaka kuuza duka kabla ya kumwuliza mwanangu anaogopa nini."