Simba wa Tiretta Aliyevaa Jinzi Nyuma

"Toa mkono wako hapo!"

Ngoma ikakatika. Vijana kumi na wanne waliokuwa kwenye mazoezi ya ngoma ya simba ya Kichina, ambayo mmoja huwa kichwa na mwingine mkia, wakageuka kumtazama Fui-Min, fundi viatu, aliyekaa karibu na mlango, mguu wake mbovu kaunyoosha mbele.

"Hapo wapi, kaka?" Clement akauliza.

"Hapo kiunoni kwa mchumba wangu!"

"Huu ni mkanda, kaka. Mkia usiposhika mkanda, kichwa kitarukaje?"

Nyuk-Lan akavua kichwa cha simba, nywele zimemganda usoni kwa jasho.

"Wewe ulipokuwa mkia ulinishika wapi? Masikioni?"

Vijana wakaangua kicheko. Fui-Min hakucheka hata kidogo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe walilianzisha wao wawili. Ukumbi huu wa ghorofani wa chama cha Wachina wa mtaa wa Tiretta ulikuwa umefungwa miaka tisa. Nusu ya mtaa ilikuwa imehamia Toronto, na watoto wa waliobaki walipita pale chini bila hata kuinua macho. Yeye na Nyuk-Lan ndio waliovunja kufuli, wakafuta vumbi, wakamtoa simba sandukuni na kuwafuata vijana nyumba kwa nyumba. Nyuk-Lan akawa mwanamke wa kwanza wa Tiretta kuvaa kile kichwa. Halafu Fui-Min akaanguka mazoezini, goti likapasuka, daktari akamkataza kubeba mzigo miezi sita. Na huyu Clement, aliyekuja kutoka Toronto kwa wiki mbili tu kumsalimia bibi yake, akaupenda ukumbi, akajitolea kuwa mkia, na mwezi wa tano huu alikuwa bado yupo.

Watu wawili ndani ya kitambaa kimoja. Hakuna anayewaona, hakuna anayewasikia. Fui-Min akishona kiatu anawaza hilo, akila supu ya samaki anawaza hilo.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa Nyuk-Lan.

*"Kesho usije mazoezini. Unanuna mpaka watoto wanaogopa."*

*"Watoto au Clement?"*

*"Unajisikia unavyoongea?"*

*"Mwambie arudi kwao Toronto kama hamna kitu."*

Akauona ujumbe wake umesomwa. Jibu halikuja, siku hiyo wala siku nne zilizofuata.

Asubuhi ya mwaka mpya wa Kichina uchochoro ulijaa pomoni. Wenye maduka walikuwa wameshaning'iniza mafungu ya majani ya saladi juu ya milango, simba aje kuyang'ata na kuleta heri. Mzee Thien, mwenyekiti wa chama, alikuwa kwenye ngoma. Nyuk-Lan alikwisha kuvaa kichwa, na Clement alikuwa akifunga suruali yake ya manyoya ya manjano.

Fui-Min akamsogelea.

"Mzee Thien anakutuma ghorofani. Haraka."

"Sasa hivi? Si yule pale kwenye ngoma?"

"Kasahau funguo za ukumbi. Nenda, bwana!"

Clement akapanda ngazi mbio. Ngoma ikaanza. Fui-Min akainama, akajiingiza chini ya kitambaa na kushika mkanda. Alitaka kusikia kwa masikio yake wanachoambiana humo ndani.

"Umechelewa," Nyuk-Lan akasema bila kugeuka. Ndani ya kichwa kile hageuki mtu. "Sikiliza, jana uliniuliza kama niko sawa. Siko sawa. Leo nikivua hiki kichwa namrudishia Fui-Min pete yake."

Fui-Min nusura akosee hatua.

"Na usijitie kimbelembele, si kwa ajili yako. Yule ninampenda mpaka naumwa. Ila nimechoka kuomba msamaha kwa makosa ambayo sijayafanya. Nimehangaika kuwarudisha hawa watoto, yeye anakaa mlangoni na kunihesabia vidole vilivyonigusa. Nikiolewa naye itakuwaje? Atanifungia kabatini?"

Nje mtoto akapiga kelele, "Tazameni! Simba kavaa jinzi nyuma!"

Uchochoro mzima ukacheka. Mzee Thien aliiona ile jinzi, akaijua na miguu iliyomo, lakini akazidi kupiga ngoma. Mapigo yakabadilika. Walikuwa wamefika duka la sosi na saladi iko juu. Ilikuwa zamu ya kuruka.

Fui-Min akambeba. Goti lilimuuma mpaka machozi yakamtoka, lakini hakumwachia. Nyuk-Lan akang'ata saladi, akairarua, akaimwagia watu. Simu za vijana zote zilikuwa juu. Alipomtua, Fui-Min akaguna na kupiga goti chini.

"Clement! Umeumia?"

"Si Clement."

Simba akasimama katikati ya njia. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo.

"Umesikia yote?" Sauti ya Nyuk-Lan ilikuwa ndogo.

"Yote."

"Basi sina la kurudia."

Fui-Min alikuwa na maneno mengi ya kuomba, na yote yalikuwa yaleyale aliyokwisha kumwambia mara kumi. Akaona aibu. Akatoka chini ya kitambaa mbele ya watu wote, anachechemea, huku wakimzomea kwa furaha. Clement alikuwa pale, anahema.

"Ghorofani hakuna funguo, kaka."

"Nilikudanganya. Nisamehe. Ingia."

"Una uhakika?"

"Yamebaki maduka kumi na moja, goti langu limekwisha. Mshike mkanda kwa mikono miwili. Usimwangushe."

Akachukua matoazi kwa kijana mmoja, akamfuata simba. Kila duka akaitazama ile mikono kiunoni mwa Nyuk-Lan. Iliuma vilevile, haikupungua hata kidogo. Akapiga matoazi.

Kwenye duka la mwisho simba akamgeukia, akamsogelea mpaka puani. Domo likafunguka. Mle ndani palikuwa na uso wa Nyuk-Lan, umelowa jasho na machozi.

"Nilisema pete nitarudisha nikivua kichwa!"

"Najua," Fui-Min akajibu.

"Basi sikivui!"

"Utalala nacho?"

"Mpaka siku ya harusi! Na wewe piga hayo matoazi, watoto wanakungoja!"