Leso Nguoni mwa Kinyozi

Meli haikuwa imefungua hata kamba moja pale gatini, bahari imetulia kama maji ya bakuli, na tayari abiria mmoja wa daraja la kwanza alikuwa amekwisha kutapika. Hakutapika baharini wala kwenye ndoo. Alitapika kifuani mwa kinyozi.

Ukumbi wa kuingilia ulijaa masanduku, kofia za manyoya na wapagazi waliokuwa wakipigana vikumbo. Katikati ya msukosuko huo dobi wa meli, mwanamke wa miaka ishirini na saba ambaye wenzake walimwita Povu, alisimama na furushi la shuka begani, akashuhudia yote. Alimwona yule abiria, mzee mnene wa suti ya rangi ya maziwa, akishika mkono wa koti la kinyozi, akajifutia mdomo, kisha akaendelea na safari yake kama mtu aliyepiga chafya tu.

Povu akashindwa kujizuia, akacheka.

"Cheka, dada, cheka," kinyozi alisema huku ameinua mikono kama aliyetekwa. "Lakini ukimaliza niambie, hili koti nilivue au nilizike?"

"Vua, lete. Mimi ndiye dobi."

"Mungu hamtupi mja wake! Mimi ndiye kinyozi. Wananiita Wembe."

"Kwa leo wakuite Ndoo," Povu alimjibu.

Walianza hivyo, kwa harufu mbaya. Zilikuwa zama za meli za mvuke, safari ya siku kumi na tisa, na ndani ya meli kulikuwa na simu za waya zilizounganisha idara zote. Kufikia siku ya nne simu ya dobini ilikuwa hailali.

"Dobini?"

"Naulizia taulo zangu, laazizi."

"Taulo ulishaletewa asubuhi, kaka."

"Basi naulizia aliyezipiga pasi. Amekula?"

"Amekula, ameshiba, na ana kazi."

"Na moyo wake una nafasi?"

"Una foleni. Shika namba," Povu alisema, akakata simu, akabaki anatabasamu mpaka pasi ikaunguza foronya.

Kazi yenyewe haikuwa na tabasamu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za matajiri zote zilipita mikononi mwa Povu. Aliwajua abiria kwa uchafu wao, na hakuna aliyemtia kinyaa kama yule mzee wa suti ya rangi ya maziwa. Alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya kuotesha nywele, kwa hiyo mabaharia wakamwita Bwana Mafuta. Alipenga kamasi kwenye shuka. Alitemea makohozi kwenye vitambaa vya mezani, akavikunja vizuri kama zawadi. Mito yake ilitoka na mduara wa mafuta ya njano ulionuka samli iliyochacha, na Povu aliibeba kwa koleo, uso ameugeuza pembeni.

Bwana Mafuta alisafiri na watu wawili. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye nywele nyingi nyeusi zilizopangwa kama keki ya arusi. Karani wake alikuwa kijibwana chembamba, kimya, kilichomfuata nyuma na chupa ya dawa ya kikohozi na kijiko.

Siku ya tisa Povu alikuwa akipekua mifuko ya nguo za Wembe kabla ya kuzitia majini. Akatoa leso ya hariri, ya kike, inanukia marashi ambayo dobi huyu aliyajua vizuri: ya mke wa Bwana Mafuta. Kwenye leso kulikuwa na unywele mmoja mrefu, mweusi.

Nyongo ikampanda. Aliishika ile leso kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika mkia wa panya. Simu ikalia.

"Laazizi, leo hujanitukana. Unaumwa?"

"Taulo zako zitaletwa," Povu alisema, akakata.

Hata kabla hajaiweka leso chini, mlango ukasukumwa na mpishi akatia kichwa. "Povu! Bwana Mafuta kafa! Kafia kwenye kiti cha kinyozi!"

Ilikuwa hivi. Kila asubuhi Bwana Mafuta alinyolewa, na kabla ya kunyolewa karani alimnywesha dawa yake ya kikohozi, kijiko kimoja. Siku hiyo alikunywa, akapakwa povu la sabuni, akafumba macho. Wembe akanyoa shavu la kulia, akapiga soga, akahamia la kushoto, akakata na nywele za puani. Alipomwambia "Tayari, bwana" na kumwinua kichwa, ndipo alipoona ulimi umekuwa wa kijani. Wembe alikuwa amemnyoa maiti uso mzima. Alikimbia mpaka ukutani akatapika, na safari hii hapakuwa na wa kucheka.

Daktari alisema ni sumu. Nahodha, mzee wa ndevu nyeupe asiyependa vurugu kwenye chombo chake, akaita wafanyakazi wote na kuuliza nani anajua chochote. Povu alipiga moyo konde, akatoa leso.

"Ilikuwa mfukoni mwa kinyozi," alisema. "Ni ya mke wa marehemu."

Watu wakaguna. Wembe alimtazama.

"Leso imefikaje kwako?" nahodha alimuuliza Wembe.

"Siwezi kusema, bwana."

"Huwezi au hutaki?"

"Si siri yangu."

Wakamfungia kwenye chumba cha mizigo. Povu akarudi kwenye mapipa yake ya maji moto, akasugua nguo mpaka vidole vikachubuka, na kila alichokishika kilimchefua: shuka, soksi, mapenzi, yeye mwenyewe aliyewahi kutabasamia simu.

Kesho yake zikaletwa nguo za karani. Shati jeupe, mikono yake ina madoa ya kijani. Povu alisugua kwa sabuni, kwa magadi, kwa limau. Madoa yalibaki pale pale. Mikono yake ikasimama majini. Doa hilo alilijua. Lilikuja kila wiki kwenye ovaroli la mtu wa kutega panya, kwa sababu sumu ya panya ya meli ilitiwa rangi ya kijani ili mpishi asije akaidhania unga.

Alipanda ngazi mbili mbili, shati linadondosha maji, mpaka ofisini kwa nahodha. Karani akaitwa. Alilitazama shati, wala hakubisha. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyepewa ruhusa ya kupumzika.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Namkata kucha za miguu. Namtoa nta masikioni. Alikuwa akitafuna nyama, ikimshinda anaitemea kiganjani mwangu, mbele ya wageni. Sikumchukia, bwana nahodha. Nilimwonea kinyaa. Chuki ingevumilika."

Povu alimwelewa. Alikumbuka mito, koleo, na jinsi habari ya kifo ilivyomfikia naye asisikie hata tone la huruma. Akajichukia kwa hilo kuliko alivyowahi kuchukia kamasi ya mtu.

"Lakini leso," nahodha aling'ang'ania. "Kinyozi na mke walikuwa na njama gani?"

Mke wa marehemu, aliyekuwa amekaa pembeni na gauni lake jeusi la kuazima, akasimama. Akapeleka mikono kichwani, akavua ile keki ya arusi yote kwa pamoja. Chini yake palikuwa na upara unaong'aa, wenye vidonda viwili vitatu.

"Mafuta ya mume wangu," alisema. "Alinijaribia mimi kwanza. Yule kinyozi alikuwa akinisafisha vidonda kwa siri na kunitengenezea wigi. Leso yangu aliifutia dawa. Nilimwapisha asimwambie mtu, na naona hakumwambia. Mfungulieni."

Wembe akafunguliwa mchana ule ule. Povu akangoja simu. Haikulia siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Hatimaye aliinua mkono wa simu mwenyewe.

"Saluni?"

"Nakusikia, dada," Wembe alijibu. *Dada*. Neno likamchoma.

"Nisamehe."

"Ulinipeleka kwa nahodha kabla ya kuniuliza."

"Nilikuona mchafu."

"Kwa leso moja?"

"Wewe hujui ninavyoviona huku chini," Povu alisema. "Nimefika mahali nikitazama mtu naona madoa tu."

Wembe akasema polepole, "Hata mimi nina madoa. Hakuna anayekalia kiti changu. Wanachungulia, wanashika pua, wanaondoka na ndevu zao. Hata mimi mwenyewe nikikigusa nakimbilia kunawa."

Povu akavua aproni. Akavaa gauni lake la buluu lenye kola nyeupe, akalipiga pasi mara mbili likiwa mwilini karibu ajiunguze, akapanda sitaha ya juu mchana kweupe. Mlangoni pa saluni walisimama mabwana watano wakinong'onezana. Akawapita. Kiti kilikuwa pale, cha ngozi nyekundu, na kwa kweli mwili ulimsisimka. Akilini aliona ulimi wa kijani, akahisi mate yanamjaa. Akameza, akakaa, akaegemeza kichwa pale pale.

"Nioshe nywele," alisema.

Wembe alibaki na shuka mkononi. "Povu, hulazimiki."

"Najua. Na ukimaliza, unioe."

Nje mtu akakohoa. Wembe akamfunga shuka shingoni, fundo likamponyoka mara mbili, yeye ambaye hajawahi kumkata mteja hata bahari ikichafuka.

"Nina sharti," alisema. "Ukikuta kitu mfukoni mwangu, uniulize kwanza."

"Nitakuuliza kwa ukali."

"Kwa ukali, sawa. Na siri za vichwa vya watu sitakwambia."

"Za watu kaa nazo. Za kwako ndizo ninazozitaka, hata zikinuka."

Wembe akainama akamimina maji ya uvuguvugu juu ya nywele zake, na Povu akafumba macho. Mmoja wa wale mabwana, aliyechoshwa na ndevu zake mwenyewe, akatia kichwa ndani.

"Samahani, kiti kiko wazi?"

"Hakiko wazi," Povu alijibu bila kufumbua macho. "Subiri nje, mjomba. Hapa pana uchumba."