Jina Lililobaki Ubaoni

Kila Jumamosi alasiri, mwaka ule wa 1955, misumeno iliponyamaza katika karakana ya Fundi Mohinder Singh mjini Thika, watoto waliingia. Waliketi juu ya mbao mpya, maranda yakiwanata nguoni, wakalizunguka sanduku la Tarlochan.

Tarlochan, mtoto wa fundi, alikuwa na umri wa miaka kumi na minne na sanduku lililojaa vitabu vya picha. Mjomba wake, karani katika stesheni ya Ruiru, alimwokotea vile vilivyosahauliwa na abiria kwenye mabehewa. Vingi vilikuwa vimepoteza majalada, na majina ya waandishi yamekwenda na majalada hayo. Basi watoto waliwabatiza wenyewe. Kulikuwa na Bwana Majoka, asiyeweza kumaliza kurasa tatu bila joka kutema moto, na Bibi Mapango, ambaye hadithi zake zote zilianzia chini ya ardhi.

"Bwana Majoka hana mpinzani," alisema Indravadan, mmoja wa watoto hao, Jumamosi moja. "Joka lake la tatu lilimeza mnara mzima!"

"Na la nne likameza mnara, na la tano vilevile," Ngendo alimjibu. "Huyo anatupikia githeri ileile kila siku. Msomeni Bibi Mapango. Ukiingia pangoni mwake hujui utatokea wapi."

Surekha alicheka hadi akashika mbavu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakupenda kumsikiliza mtu yeyote kama alivyopenda kumsikiliza Ngendo, binti ya Kagwe, mpasuaji mbao wa Fundi Mohinder.

Sheria za hapo zilikuwa mbili. Hukuchukua kitabu kipya kabla ya kusimama na kukinadi ulichokisoma, uwaeleze wenzako kwa nini nao wakisome. Na ulipochukua, uliandika jina lako kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Uliporudisha, ulilifuta kwa mkono wako.

Jumamosi hiyo Ngendo aliandika jina lake na kuondoka na kitabu kipya cha Bibi Mapango, "Mji wa Kioo Chini ya Ziwa".

Jumatano alifika dukani kwa baba yake Surekha kununua chumvi. Kitabu kilikuwa chini ya kwapa.

"Wacha nikwambie," alinong'ona. "Malkia wa mji ule hana kivuli. Anakitafuta. Na kivuli chenyewe, kumbe…"

"Usiniambie! Nipe nisome mwenyewe."

"Na ubao je? Jina langu bado liko pale."

"Jumamosi nitakuja nacho, nitafuta lako niandike langu. Siku tatu tu, Ngendo. Nani atajua?"

Ngendo alisita, kisha akampa.

Baba yake Surekha hakuwa mtu mkali, ila kwake hesabu zilitangulia hadithi. Alhamisi jioni, Surekha akiwa amejificha nyuma ya magunia, katikati ya jumba la malkia, alisikia ndara za baba zikija. Alikisukuma kitabu ndani ya rundo la magazeti ya zamani chini ya kaunta. Akaitwa kula. Akala, akalala, akaenda shule.

Ijumaa asubuhi Muasya, mfanyakazi wa duka, alifanya kazi yake ya kila Ijumaa. Alilivuta lile rundo, akararua karatasi mojamoja, akazisokota kuwa vifuko na kuvijaza njugu za kukaanga. Ijumaa watu wa viwandani walipita kwa wingi, na njugu ziliisha mapema.

Surekha aliporudi, chini ya kaunta palikuwa patupu. Mlangoni, kwenye vumbi, kulikuwa na karatasi moja iliyokunjamana. Aliiokota. Malkia wa Mji wa Kioo alimtazama, uso umejaa mafuta na chumvi.

Jumamosi alikwenda karakanani miguu mizito. Njia nzima alijiambia kwamba atasema. Lakini kabla hajafungua mdomo, Tarlochan alikuwa amesimama mbele ya ubao.

"Ngendo, 'Mji wa Kioo' kiko wapi? Jina lako ndilo hili."

 Ngendo alimgeukia Surekha, akamngoja.

Surekha alitazama maranda.

"Si niliwaambia?" Indravadan alidakia. "Hawa ukiwapa kitu, hakirudi. Sema tu, umekiuza wapi?"

Pembeni, Kagwe aliyekuwa akinoa msumeno aliacha kunoa. Nyakati hizo za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwafunga Waafrika ovyo, neno "mwizi" likimwangukia mtu kama yeye lingeweza kumfikisha kizuizini. Hakumtetea binti yake, wala hakumkemea. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Ngendo, nenda nyumbani." Ngendo akatoka, shingo imenyooka, asilie.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Surekha akisikia mtu akitafuna njugu, moyo ulimruka. Mama alidhani ana homa. Jumanne hakuvumilia tena, akamwuliza Muasya ni nani walionunua siku ile.

"Wee, mtoto! Mimi nauza njugu, siandiki majina," Muasya alicheka. Alipoyaona machozi yake, akaacha kucheka. "Haya, usilie. Wale wa kiwanda cha ngozi hula wakitembea, wanatupa kando ya uzio. Na yule mama wa kushona, huyo hatupi karatasi."

Kila jioni baada ya shule Surekha aliinama kando ya uzio. Mama wa kushona alimpa kurasa tatu alizokuwa amezigeuza vigezo vya kukatia kola. Kufikia Ijumaa alikuwa na kurasa kumi na nne. Kitabu kilikuwa na thelathini na mbili.

Jumamosi alisimama mbele ya wote. Ngendo hakuwapo.

"Kitabu kilikuwa kwangu," alisema. "Ngendo alinipa, nami nikaahidi kufuta jina lake niandike langu. Nilikificha kwenye magazeti ya dukani, Muasya akakirarua bila kujua. Jumamosi iliyopita nilijua, nikanyamaza." Aliweka zile kurasa juu ya ubao wa kurandia.

Tarlochan alizitazama kana kwamba anaangalia ndege aliyekufa. Indravadan alitafuta pa kutazama, akapakosa. Fundi Mohinder alifuta mikono, akaja polepole.

"Nisamehe, Chacha Mohinder," alisema Surekha, akimwita baba mdogo kwa lugha ya nyumbani.

"Mimi unaniomba ya nini?" aliuliza fundi. "Kagwe, tafadhali, mlete mtoto."

Ngendo alipofika, alisimama mlangoni, hakuingia. Surekha alirudia maneno yote, safari hii akimtazama usoni.

"Nilikungoja useme," Ngendo alijibu. "Wiki nzima nilikungoja. Watoto wa jirani hawakuruhusiwa kucheza nami."

"Najua."

"Hujui," alisema Ngendo. Kisha macho yake yakaangukia kurasa. Alizisogelea, akaanza kuzipanga. "Hii si ya kwanza. Kabla yake kuna ngazi, na samaki mwenye taa. Nimewasimulia wadogo zangu kila siku, nazikumbuka zote." Alinyoosha mkono bila kumtazama Surekha. "Lete penseli. Nitasema, wewe utaandika. Tarlochan atachora."

Waliketi hadi jua likashuka, na hata Indravadan, baada ya kumwomba Ngendo na baba yake msamaha kwa sauti ya kusikika, alipewa kazi ya kuchonga penseli.

Kabla ya kufunga mlango, Fundi Mohinder alimpa Surekha chaki.

"Sikiliza, beti, binti yangu. Karatasi alizichana Muasya, na hakujua. Hilo ni bahati mbaya, na linashonwa. Lakini jina la Ngendo ulilichana wewe, tena ukijua, kwa kukaa kimya tu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mtu mwingine anayebeba mzigo wako. Haya, fanya ulichoahidi."

Surekha alilifuta jina la Ngendo kwa kiganja mpaka pakabaki safi. Kisha, kwa herufi kubwa za kuonekana tangu barabarani, akaandika lake.