Magamba Kwenye Zulia

Maji yalianza kuchafuka jioni ileile mama yake Madamu alipoondoka. Mwanzoni yalikuwa meupe kidogo, kama ya kuoshea mchele. Madamu akanuna. Tangi la samaki la kioo, jipya kabisa, limewekwa sebuleni ili mgeni akiingia aseme "lo!", leo limekuwa kitu cha kufichwa.

Akampigia simu muuza samaki wa mapambo.

"Tulia, dada," yule akamwambia. "Tangi jipya ndivyo lilivyo. Punguza chakula, usimwage maji yote, yatatakata yenyewe."

Lakini Madamu na kutulia, wapi na wapi! Mpokea wagonjwa wa kliniki ya meno, kucha zimepakwa rangi, akae na maji machafu sebuleni? Akayamwaga yote, akasugua kioo, akajaza upya. Kesho yake yakarudi mazito zaidi, tena yananuka shombo. Na shombo ile aliijua, ilikuwa ya mama yake.

Haya, tuseme ukweli. Mama yake anapara samaki sokoni. Huko wanamwita Bi Magamba, na kisu chake ndicho kilichomsomesha Madamu. Alikuja kumtembelea bintiye, akaketi sakafuni kando ya tangi akiwacheka wale samaki wadogo: "Hawa hata mchuzi hawatoshi, mwanangu!" Mara jirani, Mama Pacha, akabisha hodi, akamwona bibi mwenye nguo iliyopauka, akauliza ni nani.

"Huyu?" Madamu akajibu. "Mama wa kufua tu."

Bi Magamba aliinuka, akachukua beseni la nguo chafu, akafua mpaka ya mwisho, akaanika. "Nimemaliza, bosi," akaaga mlangoni. Madamu aliona aibu, ila hakumkimbilia.

Basi, maji yalipozidi kunuka, ndipo ikaja sauti. Kwaru, kwaru, kwaru. Kisu kinapara kitu, mchana kweupe, ndani ya kioo. Madamu akafunga mapazia watu wasione, akalifunika tangi kwa shuka, na katika lile giza la kujitakia akasikia kisu kikizidi kasi, akahisi kitu kikavu kimemnasa chini ya unyayo, akainama kupapasa zulia, akaokota gamba, kisha jingine, makubwa kuliko samaki wake yeyote, yametapakaa hadi mlango wa chumbani, na chini ya shuka ikanong'ona sauti, ya mama yake kabisa, "Na hii shuka niifue, bosi?"

Alitoka mbio pekupeku hadi kwa mganga.

Mganga alipofuatana naye nyumbani na kufunua ile shuka, alinusa, akarudi nyuma. "Umemkana nani mbele ya maji haya?" akauliza kwa sauti ya chini.

Madamu akainamisha kichwa, akaeleza yote huku analia.

"Basi ulichokitupa kimeokotwa," mganga akasema. "Humu mna jini, na anaitaka nafasi ya mama yako. Dawa mimi sina. Mlete mama, umtambulishe mbele ya yuleyule aliyesikia uongo wako. Usipofanya hivyo, atamtoa mama yako, akae yeye mahali pake."

Bi Magamba akaja siku hiyohiyo aliyoitwa. Mama ni mama. Madamu akamshika mikono, akamwita mama, mama, mama, wakalia na kucheka. Kisha akamwita jirani. Kumbe Mama Pacha ana wageni, rafiki zake wawili waliovaa wakapendeza, akaingia nao.

"Ah! Mfuaji wako karudi?" akacheka. "Niazime na mimi basi, jirani!"

Madamu akafungua kinywa. Nyuma yake kisu kilikuwa kinapara polepole, na kiganja kikavu cha mama yake kilikuwa kinangoja ndani ya chake, na macho ya wale wageni yalikuwa yanashuka kutoka kwenye ile nguo iliyopauka hadi kwenye visigino vilivyopasuka, na neno lenyewe lilikuwa moja tu, neno analolisema mtoto hata meno hajaota, likafika ncha ya ulimi, likakwama hapo, na kilichotoka kikawa kicheko.

"Tutapanga, jirani," akasema.

Kisu kikanyamaza.

Wageni walipoondoka, maji ya tangi yalikuwa yametakata, unaona mpaka kokoto ya mwisho. Madamu akamgeukia mama yake, uso unamwaka kwa aibu.

"Nisamehe, mama. Kesho nitawaambia, naapa."

Bi Magamba akamtazama. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu.

"Samahani, bosi," akasema. "Nguo za kufua ziko wapi?"

Na kutoka kwenye yale maji safi, ile sauti ya mama yake ikajibu kwa upole, "Mwache aende, mwanangu. Mimi si nipo?"