Hakuna Aliyepita Langoni

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatano tarehe 18 Septemba 1974, Wilf Raistrick alifungua lango la bustani ya watawa kijijini Skelbeck ili afagie njia kabla basi la wageni halijafika. Nyuma ya tao la kanisa lililobomoka, katikati ya mawaridi, alimkuta Bwana Lionel Prowse amelala kifudifudi, amekufa.

Wilf hakupiga kelele. Alikuwa mpeleka barua kwa miaka arobaini, na mtu aliyebisha milango na telegramu za vita mkononi hujifunza kunyamaza. Aliinama akaangalia. Kisogo kilikuwa kimepasuka na damu imeganda. Koti lilikuwa limelowa umande lakini udongo chini yake ulikuwa mkavu. Kwa hiyo marehemu alilala pale tangu kabla ya usiku kuingia. Chini ya bega lake ilichomoza sepetu yenye herufi mbili zilizochomwa kwenye mpini: N.I.

Kisha Wilf akatoka nyuma ya tao, akautazama ukuta wa mashariki, na aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti. Saa mbili na nusu akaenda kupiga simu.

Prowse alikuwa msimamizi wa jumba la Thornholme, bustani zake na magofu ya watawa ambayo watu walitoka Leeds na Bradford kuja kuyapiga picha. Ndani ya miaka miwili alikuwa amegeuza shule ya kijiji kuwa duka la kadi, na ghala la nafaka kuwa vyoo vya wageni. Kijiji hakikumlilia.

Inspekta Gaunt alifika saa nne na dakika tano. Alimhoji mtunza bustani, Bi Nora Iveson, ndani ya kibanda chake cha zana kando ya lango. Wilf alisimama mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke.

"Sepetu ni yako?"

"Ni yangu. Niliiacha kwenye mawaridi, kazi ilikuwa haijaisha. Goti liliniuma, nikasema kesho ipo."

"Daktari anasema alikufa jana, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu jioni. Ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo ulipokaa. Ila mimi sikuweka viatu vyangu juu ya mbegu za maua."

Inspekta akaondoa miguu. "Nani alipita langoni?"

"Hakupita mtu."

"Na Prowse je?"

"Hakupita. Tangu saa kumi mpaka nilipofunga kufuli, saa moja kasorobo, sikubanduka kwenye dirisha hili."

"Bi Nora, sikiliza. Bustani hii imezungukwa na ukuta mrefu kuliko mimi na kofia yangu. Ni ukuta wa mawe matupu, hauna chokaa wala udongo. Hata paka akiukwea ataangusha mawe ya juu. Nimeuzunguka wote. Ni mzima. Lango ni moja tu, na maiti imo ndani. Sasa alishuka na mvua?"

"Sijui alivyoingia. Umeniuliza nilichokiona, nami nimekwambia."

"Na Jumatatu mligombana."

"Alitaka kung'oa mawaridi apate mahali pa kuegesha magari. Nimeyalea miaka thelathini na moja. Ulitaka nimpikie keki?"

"Nora," Wilf akasema taratibu, "punguza maneno, mama."

"Wewe Bwana Barua, ukweli haupunguzwi. Ukipunguzwa si ukweli tena."

Kwa miaka sita, kila Jumapili alasiri, Wilf alikunywa chai nyumbani kwa Nora. Tangu majira ya kuchipua alikuwa na swali moja la posa alilolibeba mpaka mlangoni, akarudi nalo. Yeye alikuwa na miaka sitini na saba, Nora sitini na mbili. Aliona bado muda upo.

Mshukiwa mwingine alidumu nusu siku. Bwana mmoja wa Leeds, jina lake Tordoff, alitukanana na Prowse Jumanne asubuhi kwa sababu ya mbwa wake kukojolea nguzo ya watawa. Lakini saa kumi kamili Tordoff alikuwa amekwisha panda basi la kurudi, na abiria ishirini na wanane waliapa kwamba aliwaimbia njia nzima na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Saa kumi na moja jioni Inspekta alibisha hodi kwenye nyumba ambayo Wilf aliishi na kaka yake. Seth Raistrick, miaka sabini na mmoja, alikuwa mwashi wa kuta za mawe. Alikuwa amekaa karibu na moto, amejifunga blanketi kiunoni.

"Jana jioni ulikuwa wapi, mzee?"

"Kitandani. Mgongo."

"Una shahidi?"

"Mgongo wenyewe. Muulize."

Konstebo aliyefuatana na Inspekta akacheka. Inspekta hakucheka. "Na wewe, Bwana Wilf?"

"Nilikwenda mjini kuchukua miwani mipya. Nilirudi na basi la jioni. Niliingia hapa saa moja na dakika kumi, nikamkuta kaka mezani."

Hiyo ilikuwa kweli. Jambo ambalo Wilf hakulisema ni kwamba alimkuta Seth amelala usingizi shavu likiwa kando ya sahani, kipande cha mkate wa nyama kingali mkononi. Seth hulala hivyo siku alizonyanyua mawe tu.

Alhamisi saa sita mchana polisi walimchukua Nora. Kabla hajaingia garini aligeuka, akaita mbele ya kijiji kizima: "Wilf! Wewe umezunguka bustani hii kuliko polisi wote. Tafuta alivyoingia. La sivyo mimi nitafia huko ndani."

Ijumaa saa mbili asubuhi Wilf alizunguka mpaka nje ya ukuta wa mashariki, kwenye malisho ya kondoo dume. Jumatatu alikuwa amepita hapo, na ukuta ulikuwa umetoa tumbo kama la mwanamke wa mimba ya miezi minane. Alimwambia Seth utaanguka kabla ya baridi. Sasa tumbo halikuwepo. Ukuta ulikuwa umenyooka.

Alivaa miwani mipya, akasogea. Mawe ya ukuta ule yalikuwa yameota kuvu la kijivu na la manjano, kuvu ambalo mvua ya miaka mia huliweka upande wa nje. Lakini hapo, kwa upana wa hatua mbili, mawe mengi yalionyesha nyuso safi, nyeupe kama mkate uliokatwa sasa hivi. Yalikuwa yamegeuzwa. Ukuta ulikuwa umebomoka, na mtu aliujenga upya kabla giza halijaingia, kwa haraka, asichague upande. Hata hivyo aliujenga vizuri: jiwe moja juu ya mawili, mawili juu ya moja, na kwenye usawa wa goti mawe marefu ya kufunga pande zote mbili. Bondeni walipata kuwepo waashi watatu waliojua kazi hiyo, na wawili kati yao walikuwa makaburini.

Wilf alikaa kwenye majani. Akisema, kaka yake ataozea gerezani. Akinyamaza, ataozea Nora. Alitafuta njia ya tatu mpaka jua likageuka, akaona haipo. Siku ile hakwenda kwa Inspekta. Alirudi nyumbani, akala chakula cha jioni na Seth, na wote wawili wakazungumza habari za mvua.

Jumamosi saa tatu asubuhi akapiga simu. Saa nne Inspekta na konstebo walikuwa kwenye malisho, na Seth naye alikuwepo, kwa kuwa mdogo wake alimwomba aje. Alikuja bila blanketi.

"Inspekta," Wilf akasema, "Bi Nora hakusema uongo. Prowse hakupita langoni. Alipita hapa."

"Ndani ya mawe?"

"Jumanne jioni hapakuwa na mawe. Palikuwa na pengo." Akaonyesha nyuso nyeupe kwa kidole, moja baada ya nyingine, akaeleza habari ya tumbo na ya kuvu. "Ukuta uliouona mzima ulikuwa na umri wa usiku mmoja tu."

Inspekta akampa konstebo ishara. Konstebo akashika jiwe la juu, akalivuta.

"Acha!" Seth akafoka. "Unauvuta kama mlevi anayevuta mlango. Toka hapo."

Akaufungua mwenyewe, jiwe kwa jiwe, akiyapanga kwenye majani. Kwenye safu ya nne alitoa jiwe moja bapa, akaligeuza. Upande uliokuwa umetazama ndani ulikuwa na doa la kahawia.

"Nilikuwa nalibomoa tumbo nilijenge upya," akasema. "Prowse akaja kwa njia ya malisho. Akaniambia nyumba yetu itakuwa mkahawa wa wageni, tuhame kabla ya Krismasi. Nikasema sawa. Nimekwisha hamishwa sana duniani."

"Kisha?"

"Kisha akaniambia amenitafutia kazi. Nivae nguo za kizamani, kofia na vitambaa vya miguuni. Kila Jumapili nijenge ukuta wa hatua kumi kwenye nyasi mbele ya jumba, wageni wanipige picha. Jioni niubomoe. Jumapili ijayo nijenge tena." Seth alitazama mikono yake. "Nikamuuliza, ukuta huo utazuia nini? Akasema, hautazuia kitu, mzee, ni wa kutazamwa tu. Nyundo ilikuwa mkononi."

"Ukamuua ukamtupa kwenye mawaridi."

"Sikumtupa. Alianguka hapa kwenye jiwe hili, akainuka, akaingia pengoni ameshika kichwa, ananitukana. Nikajua anaenda langoni atokee barabarani. Anayetukana hafi, ndivyo nilivyodhani."

"Ukaziba pengo ili ufiche."

"Nikaziba kwa sababu ya hao." Akaonyesha kondoo dume. "Wangeyala mawaridi ya Nora yote kabla ya asubuhi."

Konstebo akatoa pingu, akasita, akazirudisha mfukoni.

"Nora alichukuliwa Alhamisi," Wilf akasema. "Ulinyamaza, kaka."

"Nilikuwa nakungoja wewe." Seth alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuona jana umekaa kwenye majani. Nikasema, leo Wilf atasema mezani, nami nitavaa koti twende pamoja. Ukazungumza habari za mvua. Si ungeniambia tu nyumbani? Ulikuwa na haja gani ya kuniita hapa kama ng'ombe wa mnadani?"

Polisi walishuka na Seth mpaka barabarani. Pengo lilibaki wazi.

Saa nane na nusu mchana, nje ya kituo cha polisi mjini, Nora alitoka na mfuko wa karatasi. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu aliyefungwa miezi miwili. Wilf alivua kofia.

"Wameniambia," akasema Nora. "Pole kwa Seth."

"Nora…"

"Niliwaambia mara tatu hakupita mtu. Mara ya nne nikaanza kujiuliza kama kweli sikumwona. Nilikaribia kusema nilimwona, wanipumzishe." Akamtazama. "Ulijua lini?"

Angeweza kusema Ijumaa, na ingekuwa nusu ya kweli.

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini na tano. Nilipoona ukuta umenyooka."

Nora akahesabu kimya kimya. Wilf aliona midomo yake ikitembea kwenye siku na kwenye saa. Alipomaliza aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kifurushi na kutia sahihi, akavuka barabara mpaka kituo cha basi.

Basi lilifika saa tisa. Lilikuwa la mwisho kwenda Skelbeck Jumamosi ile, na kutoka mjini ni maili kumi na moja. Nora alipanda, akakaa kiti cha mbele, mfuko mapajani. Dereva, aliyemjua Wilf tangu utoto, alishikilia mlango.

"Mzee Raistrick, unapanda au hupandi?"

"Nenda tu, mwanangu," akasema Wilf.

Basi likaondoka. Akavaa kofia yake, akaanza kutembea.